Dawa ya Deni ni Kulipa: Mtambo wa Stima na Watu wa Mto

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wakulima wengi huliona kuwa si lao. Jambo lenyewe ni mitambo ya stima. Mkulima husema, "Kazi yangu ni mahindi na ng'ombe. Stima ni kazi ya mafundi na ya Serikali." Mimi naona sivyo. Mtambo wa stima unaoendeshwa na maji ni jirani wa mkulima, hata ukiwa mbali naye mwendo wa siku nzima, maana wote wawili hutumia maji yale yale. Na majirani hawakosi kuwiana. Basi tuyahesabu madeni hayo, ya mtambo kwanza, kisha yetu sisi, bila ya kumwonea mtu.

Mtambo mdogo wa Sosiani

Kila mkaaji wa Eldoret aujua mto Sosiani. Hutoka upande wa msitu wa Kaptagat, hupita katikati ya mji, kisha huingia Kipkaren. Kipkaren huingia Nzoia, na Nzoia hushuka mpaka Budalang'i na kuishia katika Ziwa Victoria. Lakini si wengi wajuao kwamba chini ya mji, penye maporomoko ya Selby, uko mtambo wa stima uliojengwa mwaka 1952. Kampuni ya KenGen yauhesabu miongoni mwa mitambo yake midogo ya maji. Nguvu zake ni kilowati 400 tu.

Namna ufanyavyo kazi si jambo la ajabu. Wazee wa Kipsigis walikuwa na vinu vya maji vya kusagia mahindi, na kanuni ni ile ile. Maji hupitishwa katika mfereji au bomba, huteremshwa kwa nguvu, nayo huzungusha gurudumu. Katika kinu cha zamani gurudumu lilizungusha jiwe la kusagia. Katika mtambo wa stima huzungusha mashine ya kufanya umeme. Maji hayaliwi wala hayaungui. Hurudi mtoni, yakaenda zake.

Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba mtambo wa maji hauna madhara wala haudai kitu. Hilo si kweli. Mtambo wataka maji yasiyokauka wakati wa kiangazi. Wataka maji yasiyo na mchanga, maana mchanga huparuza gurudumu kama msasa uparuzavyo ubao. Tena wataka maji yasiyo na takataka, maana karatasi za plastiki, matambara na magogo huziba wavu wa kuingilia, na mafundi hulazimika kusimamisha kazi ili wazoe uchafu.

Sasa fikiri, msomaji. Mto unaofika Selby ni mto uliokwisha kupita mji mzima. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2024, na watu wake wazidi kuongezeka. Uchafu wa soko, maji ya gereji, mabaki ya dawa za mashambani na udongo wa mabarabara, vyote mvua huvikokota mpaka Sosiani. Basi mtambo ule mdogo ni kama mtu akaaye chini ya kilima, ambaye kila jirani wa juu humtupia taka zake uani. Kabla ya kuudai, yafaa tukumbuke hayo.

Mtambo mkubwa wa Turkwel

Tukitaka kuona deni la mtambo wenyewe, yatupasa tutazame mkubwa kuliko huo. Huo ni mtambo wa Turkwel, katika Pokot Magharibi. Ni mbali na Eldoret, lakini ni wetu kwa njia mbili. Kwanza, bwawa lake ni la Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Kerio, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na makao yake makuu yapo papa hapa Eldoret. Pili, stima yake huletwa kwa nyaya kubwa mpaka kituo cha Lessos, karibu nasi, ndipo hugawanywa kwenda sehemu nyingine za nchi.

Bwawa la Turkwel lilianza kujengwa mwaka 1986, na mwaka 1991 ujenzi ukawa umekwisha. Ukuta wake una kimo cha mita 153. Hakuna nyumba mjini Eldoret inayofika nusu ya kimo hicho. Mtambo waweza kutoa megawati 106, yaani mara 265 ya mtambo wetu wa Sosiani. Maji yake hutoka Mlima Elgon kwa mto Suam. Yakisha kupita bwawani huitwa Turkwel, nayo hukata nchi kavu ya Turkana, yakapita Lodwar, mpaka Ziwa Turkana.

Kazi hiyo imeisaidia nchi, wala mimi sisemi kwamba isingejengwa. Hospitali, viwanda, mashine za kukamulia maziwa na za kusaga posho zahitaji stima. Lakini tuwaulize waliokaa karibu na maji hayo, tusikie watasema nini.

Mturkana wa ukingoni mwa mto ana desturi iitwayo ekwar. Kila jamaa ina sehemu yake ya miti kando ya mto, hasa migunga, na matunda ya miti hiyo huanguka wakati wa kiangazi yakawa chakula cha mbuzi wakati ambapo hakuna majani. Hiyo ndiyo ghala ya mfugaji. Miti hiyo ilizoea mafuriko ya kila mwaka, ambayo yalilowesha udongo wa ukingo na kuotesha miche. Bwawa lilipojengwa, mafuriko yalipungua, na mto ukawa na maji mengi zaidi wakati wa kiangazi kuliko zamani. Mtu wa mjini atasema, "Basi si vizuri? Mto haukauki." Ni vizuri kwa mwenye kuteka maji kwa mtungi. Lakini msitu wa ukingo haunywi kwa mtungi. Wanywa kwa gharika. Pasipo gharika, miche haioti kama ilivyoota, na ghala ya mfugaji hupungua kidogo kidogo bila ya kelele.

Tena kuna jambo la Lodwar. Mto wa Turkwel wapita kando ya mji huo. Hata hivyo, kwa miaka mingi baada ya 1991, taa za Lodwar ziliwashwa kwa injini za dizeli, na stima ya mto wao ilipelekwa kusini. Vivyo hivyo Wapokot wengi waliokaa chini ya zile nyaya kubwa waliziona zikipita juu ya boma zao huku wao wakiwasha koroboi. Haya hayakufanywa kwa chuki. Mafundi watakwambia kwamba nyaya za nguvu kubwa haziwezi kutobolewa tu mahali po pote kama bomba la maji. Yahitajiwa kituo cha kupunguza nguvu, nacho ni ghali. Neno hilo ni kweli. Lakini gharama hiyo ilipasa kuhesabiwa tangu siku ya kwanza pamoja na gharama ya saruji na ya chuma. Mtu akijenga nyumba na kusahau mlango, hawezi kusema mlango ni ghali.

Deni la mtambo

Kwa maoni yangu, kila mwenye mtambo wa stima ana madeni manne kwa watu wa mto.

Deni la kwanza ni maji yenyewe. Mtambo haupaswi kufungulia maji kwa kufuata haja ya stima peke yake. Yafaa ratiba ya kufungulia maji ifikiri pia mkulima wa chini, ng'ombe wake, na miti ya ukingo. Mahali palipozoea gharika ya mwaka, wataalamu waweza kupanga kufungulia maji mengi kwa siku chache, kwa wakati unaojulikana, ili udongo ulowe.

Deni la pili ni onyo. Mwaka 2020 mvua zilikuwa nyingi mno, na maji ya bwawa la Turkwel yakapanda kuliko ilivyopata kuonekana tangu lijengwe. Wakaaji wa chini wakaambiwa wajihadhari. Habari kama hiyo haifai kungoja hatari. Kila kijiji cha chini ya bwawa kingejua mapema: alama ni ipi, nani atapiga simu kwa chifu, watu watakimbilia mlima gani, na mifugo itapitishwa njia gani. Mambo hayo hufundishwa wakati wa amani, si usiku wa maji.

Deni la tatu ni usafi. Mtambo na nyaya zake vina taka zao. Transfoma za zamani zina mafuta, na mengine yana sumu. Nguzo za mbao hutiwa dawa kali ili zisiliwe na mchwa. Mwenye stima hana ruhusa ya kuacha mafuta yakavuja mtoni wala nguzo kuukuu zikatupwa porini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yalazimisha mradi mkubwa kupimwa madhara yake kabla haujajengwa, na Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba kila mtu ana haki ya mazingira safi yenye afya. Haki hiyo si ya watu wa mjini peke yao.

Deni la nne ni fungu la faida. Juu ya hili Bunge limekwisha kuonyesha njia. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 yasema kwamba ada inayolipwa Serikali kwa ajili ya umeme wa mvuke wa ardhini, kama ule wa Olkaria, igawanywe hivi: katika kila shilingi mia, 75 za Serikali kuu, 20 za kaunti, na 5 za wenyeji wa mahali. Twaweza kubishana kama shilingi tano zatosha. Lakini walau ni hesabu iliyoandikwa, na mtoto wa shule aweza kuisoma. Maoni yangu ni kwamba mto nao wastahili hesabu iliyo wazi namna hiyo. Ahadi ya darasa moja hapa na kisima kimoja pale, kila mtu mkubwa anapotembelea bwawa, ni sadaka. Deni halilipwi kwa sadaka.

Lazima niseme pia mema. Mamlaka hiyo hiyo ya Bonde la Kerio, kwa msaada wa Serikali ya Italia, ilianzisha mradi wa kunyunyizia maji wa Wei Wei, kule Sigor, mwaka 1987. Maji ya mto huletwa kwa bomba kutoka juu, nayo hujisukuma yenyewe kwa kule kuteremka, bila ya pampu. Wakulima wa Kipokot walipata mashamba ya kumwagilia, wakalima mbegu za mahindi za kuuzia Kampuni ya Mbegu ya Kenya. Kumbe maji yateremkayo mlimani yaweza kujaza ghala ya mwenyeji, watu wakipenda kupanga hivyo.

Deni letu sisi

Sasa, ndugu mkulima, tugeuke tujitazame. Kuna bwawa la Masinga katika mto Tana, lililomalizwa mwaka 1981. Wahandisi walipiga hesabu ya udongo ambao mto ungeleta kila mwaka. Lakini udongo ulikuja mwingi kuliko hesabu yao, na bwawa limekuwa likijaa matope upesi kuliko walivyotazamia. Matope hayo hayakutoka mbinguni. Yalitoka katika mashamba ya juu: mashamba ya miteremko yasiyo na matuta, na kingo za mto zilizolimwa mpaka majini.

Na sisi wa Uasin Gishu, Nandi na Elgeyo Marakwet twafanya yayo hayo. Tazama Sosiani wakati wa mvua ya mwezi wa nne: rangi yake ni ya chai yenye maziwa. Ile rangi ndiyo shamba lako. Ni samadi uliyoibeba kwa toroli na mbolea uliyoinunua kwa fedha nyingi, zote zaenda Budalang'i kwa mtu asiyezitaka. Huko chini kitanda cha mto huinuka kwa udongo, maji yakikosa nafasi huvunja kingo, na watu hulala juu ya mapaa.

Basi deni letu ni hili. Piga matuta kukingama mteremko, wala usilime kwa kufuata mteremko. Ukiweza, fanya matuta ya fanya juu, yaani chimba mtaro na udongo wake uutupe upande wa juu, kisha panda nyasi juu ya tuta ili lishikamane. Acha ukingo wa mto. Kanuni za maji zataka nafasi isiyolimwa isiyopungua mita sita, na mahali pengine hata mita thelathini, kwa kadiri ya upana wa mto. Usipande bluegum karibu na chemchemi wala mto. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza miti hiyo ing'olewe kandokando ya maji, na wengine walimcheka. Lakini mti unaokua upesi hunywa sana, na aliyeupanda karibu na chemchemi amejionea mwenyewe. Nafasi ya bluegum ni mahali pa mbali na maji, nako ni biashara nzuri ya kuni na nguzo.

Juu ya nguzo nina neno moja la kuonya. Nguzo ya stima iliyokwisha kutumika usiipasue ukapikia, wala majivu yake usiyatie katika bustani ya sukuma wiki. Dawa ile iliyomo ndani haifi kwa moto. Yabaki katika majivu. Na mtu akikuletea mafuta ya kukaangia yenye bei rahisi mno, uliza yametoka wapi. Wako wezi wafunguao transfoma na kuuza mafuta yake. Mafuta hayo ni sumu kwa mwili, na kijiji kizima hubaki gizani kwa wizi wa mtu mmoja.

Nani alipe ukingo wa mto?

Hapa najua mkulima mmoja atasimama aniambie, "Bwana, wewe wasema tu. Mimi nina eka moja. Ukiniambia niache mita sita, watoto wangu watakula nini?"

Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Tupige hesabu. Tuseme shamba lake lapakana na mto kwa mita 40. Mita 40 mara mita sita ni mita za mraba 240. Eka moja ni kama mita za mraba 4,047. Basi ameombwa aache sehemu moja katika kumi na saba ya shamba lake. Tena sehemu hiyo haikai bure kabisa: aweza kuotesha nyasi za nepia za kumkatia ng'ombe, na ukingo ukashikwa na mizizi. Hasara yake si kubwa kama aionavyo.

Lakini hata hivyo ni hasara, nayo ni yake yeye peke yake. Faida je, ni ya nani? Ni ya mtambo unaopata maji safi, ya mji unaowasha taa, ya kiwanda kinachoendesha mashine. Wote hao hawakupoteza hata shuka moja ya mahindi. Hapo ndipo penye kosa letu la siku nyingi. Tumemwendea mwenye eka moja tukiwa na kanuni mkononi, tukamwambia ahifadhi maji ya watu laki tano, na malipo yake yawe ni kutoshtakiwa. Kisha twashangaa kwamba usiku hulima tena mpaka majini. Mkono mtupu haulambwi.

Njia iliyo bora yajulikana. Huko Tana ulianzishwa mwaka 2015 mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi. Ndani yake wamo watumiaji wakubwa wa maji, pamoja na KenGen yenye mitambo na kampuni ya maji ya Nairobi. Fedha zao huwasaidia wakulima wa juu kupiga matuta, kupanda miti na nyasi, na kuchimba vidimbwi vya kuvunia mvua. Mwenye mtambo hutoa fedha kwa sababu matope yakipungua hesabu yake yapata nafuu; mkulima hupokea kwa sababu udongo wake wabaki nyumbani. Hakuna aliyemfanyia mwenziwe hisani. Kila mmoja amelipa deni lake na kupata haki yake. Hapa kwetu pia kumeanzishwa mfuko wa maji wa Eldoret na Iten. Nawasihi mwulize habari zake katika vyama vyenu vya watumiaji wa maji, na mwingie kama wenye haki, si kama waombaji.

Mitambo ya jua nayo

Msomaji wa upande wa Kesses ataniuliza, "Na sisi wenye mitambo ya jua?" Ni kweli. Tangu mwaka 2021 Uasin Gishu imepata mitambo mikubwa ya kufanya stima kwa jua, kila mmoja wa megawati zipatazo 40. Mitambo hiyo haizuii mto wala haitoi moshi, nayo ni jambo la kushukuru. Lakini yakaa juu ya ardhi iliyokuwa ikizaa mahindi na ngano, na mvua inyeshayo juu ya vioo vyake huteremka yote mahali pamoja. Basi deni ni lile lile kwa sura nyingine: mitaro ya kupokea maji ili yasikate shamba la jirani, kazi kwa vijana wa mahali, na mapatano ya tangu leo juu ya nani ataviondoa vioo hivyo siku vitakapochakaa. Mwenye kukodisha shamba lake kwa mtambo asitie sahihi kabla ya kusomewa na wakili wake mwenyewe, si wakili wa kampuni.

La kufanya

Nisikuache mikono mitupu. Kila mradi mkubwa ukija, sheria yataka wananchi waulizwe maoni yao. Wengi wetu huenda kwenye mkutano huo tukala chakula, tukapiga makofi, tukarudi nyumbani. Safari nyingine, enda na maswali manne yaliyoandikwa karatasini. La kwanza: maji yatafunguliwa lini na kwa kiasi gani? La pili: nani atatuonya, na kwa njia gani? La tatu: taka zenu mtazipeleka wapi? La nne: fungu letu ni kiasi gani, na limeandikwa katika karatasi ipi? Akina mama wayaulize kwanza, maana ndio watekao maji. Na majibu yaandikwe na karani wa mkutano, yasomwe tena mbele ya wote kabla watu hawajaondoka.

Lakini usiende na maswali hayo ikiwa shamba lako lafika majini. Mwenye mtambo atakujibu kwa neno moja tu, "Na matope yako je?" nawe utakaa chini. Kwanza piga matuta yako, panda nyasi zako, acha mita zako sita. Ukiisha, simama wima kwenye baraza udai chako. Mto hauna mdomo wa kudai. Wenye midomo ni sisi, mwenye shamba na mwenye mtambo. Kila mmoja wetu aujua upande wake wa deni, na dawa ya deni ni kulipa.